Mazoezi ya kumkinga mzee asianguke: Jinsi unavyoweza kumsimamia mzazi kwa simu

Ilikuwa saa mbili usiku, nikiwa bado wodini, simu ilipoita. Alikuwa binti wa kaka yangu, anayeishi na mama yangu mzazi huko Lushoto.

“Shikamoo shangazi. Usishtuke, ila bibi ameanguka.”

Mama alikuwa anatoka jiko la nje kurudi nyumba kubwa, sufuria mkononi. Mvua ilikuwa imenyesha na ardhi ya kwetu ni ya mteremko. Aliteleza karibu na kizingiti, akajizuia kwa mkono. Kesho yake alipelekwa hospitali, akapigwa picha, na kwa bahati hakukuwa na mfupa uliovunjika. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba tu.

Nilipompigia yule binti kumshukuru, alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo lilinikosesha usingizi. “Shangazi, hii ni mara ya tatu tangu mwaka uanze. Bibi alinikataza nisiwaambie. Alisema mkijua mtamzuia kwenda shambani.”

Msomaji wangu, nikiri hapa kwamba tulifanya kile kile alichokiogopa. Tulikutana watoto wote kwenye kundi la familia la WhatsApp na kwa siku moja tukapitisha uamuzi: mama asiende shambani, asichote maji, asiende sokoni peke yake. Kaka akanunua televisheni. Mimi nikatuma kochi zuri lenye mto mzito. Tukaona tumemtunza mzazi.

Miezi minne baadaye nilikwenda likizo. Mama alitaka kuinuka anisalimie. Alijisukuma kwa mikono mara ya kwanza, akarudi kukaa. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu mjukuu alimshika kwapani akasimama. Mapaja yake yalikuwa yamepungua hadi gauni lilimpwaya. Mwanamke aliyekuwa akipanda na kushuka kilima kila siku alikuwa hawezi kutoka kwenye kochi nililomnunulia mimi, daktari, ninayewaambia wagonjwa wangu kila siku umuhimu wa mazoezi.

Wiki hii nawaandikia ninyi mlioko mjini au ughaibuni, ambao mzazi yuko mbali na kila akianguka mnasikia kwa simu. Simu hiyo hiyo inaweza kutumika kumkinga asianguke.

Kuanguka si jambo dogo

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 684,000 hufariki kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Wanaoathirika zaidi ni watu wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Miongoni mwa wenye miaka 65 na kuendelea, karibu mmoja kati ya watatu huanguka angalau mara moja kwa mwaka.

Wengi wao hunyanyuka wakajipangusa vumbi. Lakini baadhi huvunjika nyonga, na mzee aliyevunjika nyonga huwa na safari ndefu: upasuaji, kulala kitandani, vidonda vya mgongo, nimonia, damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Wapo wanaofariki ndani ya mwaka huo, na wapo wanaobaki lakini hawatembei tena kama zamani.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana kwenye picha ya eksirei, nayo ni woga. Mzee aliyeanguka huanza kutembea akishika kuta. Anapunguza kwenda msikitini au kanisani, anaacha kutembelea jirani, anakaa. Kukaa kunadhoofisha misuli, na misuli ikidhoofika uwezekano wa kuanguka unaongezeka. Akianguka tena, woga unazidi. Familia nayo, kwa mapenzi, humsaidia kukaa zaidi.

Kwa nini wazee huanguka?

Wengi wetu hudhani ni uzee tu. Uzee unachangia, lakini mara nyingi kuna sababu kadhaa zilizokutana, na nyingi zinarekebishika.

Ya kwanza ni misuli ya miguu. Kuanzia miaka ya thelathini mwili huanza kupoteza misuli taratibu, na kasi huongezeka uzeeni hasa kwa mtu asiyeitumia. Ya pili ni mizani ya mwili. Ili usimame bila kuyumba, ubongo hupokea habari kutoka machoni, kwenye sikio la ndani na kwenye nyayo na viungo, kisha huamuru misuli ijirekebishe. Mtoto wa jicho huharibu habari za macho. Kisukari cha muda mrefu huua hisia za nyayo, mtu akawa anakanyaga bila kujua amekanyaga nini.

Ya tatu ni presha kushuka mtu anaposimama. Mzee anainuka haraka kutoka kitandani, macho yanaingia kiza, anaanguka. Ya nne ni dawa: za usingizi, za kutuliza wasiwasi, baadhi ya dawa za presha na nyingine zinazoleta usingizi au kizunguzungu. Ya tano ni mazingira: ndala zilizolika, mkeka uliokunjika pembeni, sakafu ya bafu yenye sabuni, safari ya choo cha nje usiku bila tochi.

Mazoezi yanasaidia kweli?

Swali hili limefanyiwa utafiti mwingi. Mapitio makubwa ya mwaka 2019, yaliyokusanya tafiti 108 zenye washiriki zaidi ya 23,000 kutoka nchi 25, yalionyesha kuwa wazee wanaoishi majumbani wakifanya mazoezi, idadi ya kuanguka hupungua kwa takriban asilimia 23. Yanayosaidia zaidi ni mazoezi ya mizani ya mwili na yale yanayofanana na shughuli za kila siku, kama kuinuka kwenye kiti. Kutembea ni kuzuri kwa moyo na kwa roho, lakini kutembea peke yake hakutoshi kumkinga mtu asianguke.

Mfano ninaoupenda unatoka New Zealand. Miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago katika mji wa Dunedin, wakiwemo John Campbell na Clare Robertson, walibuni mazoezi ya nyumbani kwa wazee. Mtaalamu wa fiziotherapia alimtembelea mzee mara chache, akamfundisha mazoezi ya nguvu ya miguu na ya mizani, akamwachia afanye mara tatu kwa wiki pamoja na kutembea. Katika utafiti wao wa kwanza, uliochapishwa mwaka 1997, washiriki walikuwa wanawake wa miaka 80 na zaidi. Tafiti zao nne zilipojumlishwa, kuanguka na majeraha yake vilipungua kwa asilimia 35.

Angalieni usimamizi ulivyofanyika. Baada ya ziara hizo za mwanzo, mzee alipigiwa simu. Hakukuwa na video wala WhatsApp. Alikuwa anaulizwa amefanya mara ngapi, kuna tatizo gani, na anatiwa moyo.

Baadaye, Sydney nchini Australia, watafiti waliwapa wazee 503 wenye miaka 70 na zaidi nafasi ya kushiriki katika utafiti wa miaka miwili. Nusu walifanya mazoezi ya mizani nyumbani wakiongozwa na programu kwenye kompyuta ndogo ya kugusa kwa kidole. Matokeo yaliyotoka mwaka 2021 yalionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja tofauti katika idadi ya kuanguka haikuwa dhahiri. Lakini kwa miaka miwili yote, walioanguka kwenye kundi la mazoezi walianguka mara chache zaidi kwa asilimia 16, na kuanguka kwa kuumia kulipungua kwa asilimia 20.

Nimewaeleza matokeo hayo yote mawili kwa makusudi. Anayewaahidi kuwa mzazi atakuwa imara ndani ya wiki mbili anawadanganya. Nguvu ya misuli huanza kurudi baada ya wiki chache, ila kinga dhidi ya kuanguka inataka miezi na miaka, na ukiacha inaondoka.

Je, umri unaweza kuwa mkubwa mno? Mwaka 1990 huko Boston, Marekani, wazee waliokuwa na umri wa miaka 90 hivi, wanaoishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, walifanya mazoezi ya nguvu ya miguu kwa wiki nane. Kwa wastani nguvu zao ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo mzazi wa miaka 76 asiambiwe amechelewa.

Kabla ya simu, uchunguzi

Usianze kwa kumtumia mama video ya mazoezi uliyoiona mtandaoni. Anza kwa uchunguzi wa ana kwa ana. Mama alipimwa presha akiwa amelala, kisha akasimama ikapimwa tena ndani ya dakika tatu. Presha ya juu ilishuka kutoka 138 hadi 112. Kushuka kwa 20 au zaidi ni dalili kwamba akisimama damu haifiki kichwani vizuri. Daktari anayemtibu ndiye aliyepunguza dawa yake moja. Mimi, pamoja na udaktari wangu, sikuthubutu kumbadilishia mama dawa kwa simu, nanyi msithubutu.

Macho yalipimwa, jicho la kulia likakutwa na mtoto wa jicho, baadaye likafanyiwa upasuaji. Miguu ilikaguliwa. Hospitali nyingi za serikali zina dirisha la wazee, litumieni.

Kisha mtaalamu wa fiziotherapia alimfanyia vipimo viwili ambavyo hata nyumbani mnaweza kuvirudia, mradi mtu mwenye nguvu amesimama pembeni. Kwanza, kuinuka na kukaa kwenye kiti kwa sekunde 30, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Mwanamke wa miaka 70 hadi 79 asiyefikisha mara 10 yuko kwenye hatari. Kwa mwanaume wa miaka 70 hadi 74 kiwango ni mara 12, na wa 75 hadi 79 ni mara 11. Mama hakuweza hata mara moja bila kujisukuma.

Cha pili, kuinuka kwenye kiti, kutembea mita tatu, kugeuka, kurudi na kukaa. Ikichukua sekunde 12 au zaidi kuna tatizo. Mama alitumia sekunde 19.

Tulivyopanga usimamizi

Mtaalamu alimfundisha mama mazoezi matano ya kuanzia, mjukuu akiwa anaangalia. Halafu tukagawana siku. Mimi nilichukua Jumanne na Jumamosi, kaka yangu aliyeko Arusha akachukua Alhamisi. Saa ilikuwa moja kila mara, saa kumi jioni. Asubuhi hatukuitaka kwa sababu ndipo presha yake ilipokuwa inashuka zaidi na Lushoto kuna baridi, viungo vimekaza.

Simu haishikwi mkononi. Inaegemezwa kwenye kopo la unga juu ya meza, umbali wa hatua nne hivi, ili aliye upande wa pili amuone mzee kuanzia kichwani hadi nyayo. Ukiona uso tu, humsimamii, unampigia soga. Mwanga uwe unatoka mbele yake. Mjukuu anasimama upande wake, karibu kiasi cha kumdaka, na kazi hiyo haichanganywi na kushika simu.

Kiti kiwe kigumu, kisicho na magurudumu, kimeegemezwa ukutani. Viti vya plastiki vyepesi huteleza, tulivikataa. Mama avae viatu vilivyofungwa vyenye soli inayoshika, si ndala. Maji ya kunywa yawe karibu. Mkeka uondolewe, kuku wafukuzwe, mlango ufungwe ili mtoto asikatize.

Kabla ya kuanza, namuuliza maswali matatu: Umeamkaje? Umeanguka au kuyumba tangu tulipozungumza? Kuna kinachouma au kizunguzungu? Akisema ndiyo kwenye moja, tunapunguza au tunaahirisha. Tukimaliza, mjukuu anaweka alama kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani. Mama asiyejua kutumia simu janja anaijua ile kalenda vizuri kuliko sisi wote.

Kama mzazi ana simu ya kitochi tu, msikate tamaa. Mazoezi yafundishwe ana kwa ana, halafu msimamie kwa sauti. Mwambie ahesabu kwa sauti unaposikia. Pumzi yake ikikata katikati ya hesabu utaijua. Kama bando linasumbua, video mara moja kwa wiki na sauti mara mbili inatosha.

Mazoezi yenyewe

Haya ndiyo tuliyoanza nayo. Yafanyike baada ya mzee kupimwa na kufundishwa, si kwa kusoma gazeti peke yake.

Kuinuka na kukaa: Mzee anakaa mbele ya kiti, nyayo zimekanyaga chini vizuri na zimerudi nyuma kidogo ya magoti. Anainama mbele, anasimama, halafu anakaa taratibu bila kujitupa. Anaanza mara tano, hata kwa kushika kiti. Kushuka taratibu ndiko kunakojenga misuli ya paja.

Kunyanyua visigino: Ameshika mgongo wa kiti kizito au ukingo wa meza, anasimama kwa vidole, anahesabu hadi tatu, anashuka. Baadaye anafanya kinyume, ananyanyua vidole akisimamia visigino. Hili la pili humsaidia asijikwae.

Kunyoosha goti akiwa amekaa: Ananyoosha mguu mmoja hadi uwe sawa, anaushikilia hadi tatu, anaushusha. Akizoea, anafungiwa uzito mdogo kwenye kifundo cha mguu. Sisi tulishona mfuko wa kitambaa tukatia mchanga wa nusu kilo.

Kupeleka mguu pembeni: Amesimama wima ameshika kiti, anatoa mguu mmoja nje bila kuinamisha kiwiliwili. Misuli ya nyonga ndiyo inayotuzuia tusiangukie ubavu, na kuangukia ubavu ndiko kunakovunja nyonga.

Kusimama kwa mizani: Kwanza miguu pamoja, kisha mguu mmoja nusu mbele ya mwingine, kisha kisigino cha mmoja kikigusa vidole vya mwingine, kama anayekanyaga kamba. Lengo ni sekunde 10. Anaanza akishika kiti kwa mikono miwili, halafu mkono mmoja, halafu vidole viwili, halafu mikono ikielea juu ya kiti bila kugusa.

Zoezi la mizani lisilomtikisa mzee hata kidogo halimfundishi kitu, na linalomfanya aelekee kuanguka limezidi. Tafuta kati ya hapo: anayumba kidogo, anajirekebisha mwenyewe. Kila wiki mbili au tatu tulikuwa tunaongeza kitu kimoja tu, ama idadi, ama uzito, ama kupunguza kushika. Baadaye yalifuata kutembea ubavu ubavu kandokando ya meza, kutembea kinyumenyume na kuzunguka viti viwili kwa umbo la namba nane.

Tafiti zinaonyesha kuwa wanaofaidika zaidi ni wanaofikisha kama saa tatu kwa wiki za mazoezi yanayotikisa mizani. Hakuna mzee anayeanza hapo. Mama alianza na dakika 15 kwa kila kikao.

Makosa tuliyofanya

La kwanza lilikuwa la kaka. Alikuwa na haraka. Wiki ya tatu alimwambia mama aachie kiti kabisa, mjukuu akiwa ametoka kufungua mlango. Mama aliyumba akakaa kwa kishindo. Hakuumia, lakini wiki nzima aligoma. Tangu hapo tuna sheria: mjukuu akitoka, mama anakaa.

La pili lilikuwa langu. Nilikuwa nazungumza naye kama mgonjwa wa kliniki, namkosoa mbele ya mjukuu wake. “Mama, hapana, nyoosha mgongo. Mama, si hivyo.” Siku moja aliniambia kwa upole, “Mwanangu, mimi ndiye niliyekufundisha kutembea.” Nikaomba radhi. Kuanzia hapo namuuliza kwanza yeye anaonaje, na habari za shamba zinatangulia mazoezi. Mzazi akiona simu imegeuka kuwa mtihani, siku ya pili atasema amechoka, siku ya tatu simu haitapokelewa.

La tatu lilikuwa la sote: tuliacha kwa wiki tano wakati wa msiba wa jirani na sikukuu. Alipoanza tena, ilibidi turudi nyuma hatua mbili.

Nani asisimamiwe kwa simu?

Mzee aliyepoteza fahamu wakati wa kuanguka anahitaji hospitali kwanza, kwa sababu huenda tatizo liko kwenye moyo au ubongo. Vivyo hivyo mwenye maumivu ya kifua, presha isiyodhibitiwa, aliyevunjika au kufanyiwa upasuaji karibuni, au aliyeanza ghafla kudhoofika upande mmoja. Mwenye ugonjwa wa kusahau sana hawezi kufuata maelekezo ya simu. Yeye anahitaji mtu wa kufanya naye bega kwa bega. Na mzee anayeishi peke yake kabisa afanye kwa simu yale ya kukaa tu, hadi apatikane wa kusimama pembeni.

Wakati wa mazoezi, simamisheni mara moja akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, kuishiwa pumzi hadi hawezi kuongea, au maumivu makali ya kiungo. Uchovu wa misuli siku mbili za mwanzo ni kawaida.

Akianguka licha ya yote

Mazoezi hupunguza, hayafuti. Kwa hiyo mfundisheni mzee na anayeishi naye cha kufanya.

Asinyanyuliwe kwa pupa. Kwanza atulie, ajisikilize. Kama nyonga inauma sana, hawezi kunyanyua mguu, au mguu unaonekana mfupi na umegeukia nje, asisimamishwe, asikandwe, asivutwe. Afunikwe asipate baridi, apelekwe hospitali akiwa amelala. Kumkanda mzee aliyevunjika nyonga kunamuumiza na kunamchelewesha. Aliyegonga kichwa naye apelekwe, hasa kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, hata kama anasema hajambo.

Kama hajaumia, ageuke ubavu, ajiinue kwa mikono hadi apige magoti, atambae hadi kwenye kiti kigumu, aweke mikono juu yake, atangulize mguu wenye nguvu, ajisukume, ageuke akae. Apumzike kabla ya kusimama. Mama alifundishwa hilo na mtaalamu juu ya godoro, na tunalirudia kila mwezi mjukuu akiwa amemshikilia.

Anza wiki hii

Mpigie mzazi wako, na baada ya salamu muulize mambo matatu. Kwa mwaka huu umewahi kuanguka? Ukisimama au ukitembea unahisi kuyumba? Unaogopa kuanguka? Muulize bila kumtisha, na umuahidi kwamba jibu lake halitamnyang'anya shamba wala sokoni. Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, panga apimwe. Halafu muulize anayeishi naye, kwa sababu wazee wetu ni hodari wa kuficha.

Wakati huo huo rekebisheni yanayowezekana bila gharama kubwa: tochi au taa ya sola njia ya chooni, ngazi zenye kishikio cha mti, bafu lisiloteleza, ndala zilizolika zitupwe. Sisi tulipunguza kimo cha hatua ya kizingiti na tukaweka nguzo mbili za kushika. Na lile kochi tukalipeleka chumba cha wageni. Mama sasa anakaa kwenye kiti cha mbao.

Ni karibu miaka miwili. Kwa sekunde 30 mama anainuka kwenye kiti mara 11 bila kushika. Zile mita tatu kwenda na kurudi anatumia sekunde 12, kwa hiyo kazi bado ipo. Amerudi kwenye shamba lililo nyuma ya nyumba, lile la mbali bondeni tumekubaliana aliache, na yeye ndiye aliyelipendekeza.

Masika iliyopita simu iliita mchana, jina lake likatokea. Mama hapigi simu mchana. Nilipokea mikono ikitetemeka.

“Nimeteleza kwenye tope,” akasema. “Nimeangukia goti. Nimeinuka mwenyewe, nimeoga, sijaumia. Nakuambia mimi kabla hujasikia kwa mtu mwingine. Jumamosi tunaendelea?”

Nikamjibu kwamba tunaendelea, na tukaendelea.